Mkono wa Mtu Mwingine: Paka wa Szymborska na Suala la Kiumbe Aliyefiwa

Miongoni mwa mashairi ya maombolezo yaliyoandikwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 20, ni machache yaliyopendwa na wasomaji wa kawaida kama shairi fupi la Wisława Szymborska liitwalo "Kot w pustym mieszkaniu", yaani "Paka katika Nyumba Tupu". Limo katika diwani yake ya mwaka 1993, Koniec i początek (Mwisho na Mwanzo), iliyotoka miaka mitatu kabla ya mshairi huyo wa Poland kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Maudhui yake huelezeka kwa sentensi moja: mtu amekufa, na paka wake, ambaye hajaambiwa wala hawezi kuambiwa, anamngojea. Hamna jeneza humo, hamna kaburi, wala marehemu hatajwi jina. Hata hivyo, msomaji anapofika ukingoni mwa shairi huwa ameujua uzito wa msiba ule kuliko ambavyo angeujua kwa utenzi mrefu wa kumsifu aliyeondoka.

Makala haya yanalisoma shairi hilo kando ya tungo mbili za mwambao, Al-Inkishafi na Utenzi wa Ngamia na Paa, kwa ajili ya swali moja ambalo kila nyumba yenye mfugo hukutana nalo siku moja. Mwenyewe akishakufa, mnyama aliyebaki ni wa nani, na nani wa kuamua hatima yake? Swali hilo aghalabu huachiwa wanasheria, nao hulijibu kwa hesabu ya mafungu. Washairi nao wamelijibu, na majibu yao yanastahili kuwekwa mezani pamoja na yale ya wanasheria.

Chanzo cha shairi kinajulikana. Mwezi wa Februari 1990 alifariki Kornel Filipowicz, mwandishi wa hadithi, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa mwandani wa Szymborska ingawa kila mmoja aliishi kwake katika mji wa Kraków. Szymborska mwenyewe alifariki mwaka 2012. Barua walizoandikiana zilichapishwa mwaka 2016, na kitabu hicho kikapewa kichwa kinachosema kwamba anayeishi maisha mazuri kuliko wote ni paka wako. Kwa hiyo paka wa shairi hakuzuliwa ili kupamba huzuni. Alikuwa na mahali pake katika mazungumzo ya watu wawili, na mmoja wao alipoondoka, mahali hapo palibaki wazi.

La kuzingatiwa ni kwamba mshairi, aliyekuwa na haki zote za kulia kwa sauti yake mwenyewe, amekaa kando na kumpisha paka katika kiti cha mfiwa. Desturi ya maombolezo popote duniani humpa mshairi nafasi ya kwanza: yeye ndiye aliyempenda marehemu, yeye ndiye ajuaye thamani yake, na ubingwa wa beti zake ni sehemu ya heshima anayompa. Szymborska ameikataa nafasi hiyo. Shairi linafunguka kwa lawama, na lawama yenyewe ni ya ajabu: kwamba kule kufa ni utovu wa adabu aliofanyiwa paka. Baada ya hapo huonyeshwa shughuli za mnyama asiyejua afanye nini. Hupanda kuta, hujisugua baina ya vyombo. Kila kitu kipo pale kilipokuwa, na kila kitu kimebadilika. Jioni taa haiwashwi. Nyayo husikika kwenye ngazi, ila zi za mtu mwingine. Samaki huwekwa kwenye kisahani, ila mkono unaomweka ni mgeni. Kabati zimechunguliwa, rafu zimekaguliwa, zulia limeingiwa chini, na hata makatazo yamevunjwa kwa kutawanya makaratasi. Kilichobaki ni kulala na kungoja.

Msomaji wa mwambao akilikuta shairi kama hili, swali la kwanza analouliza ni: paka ni nani? Amelelewa katika ushairi wa mafumbo. Anajua kwamba mnyama akitajwa katika shairi, nyuma yake yupo mtu au jambo. Abdilatif Abdalla alipotunga "Mamba", shairi lililomo katika Sauti ya Dhiki (1973), hakuna msomaji aliyedhani kwamba mshairi aliyeandika akiwa kifungoni alikuwa na ugomvi na mnyama wa mtoni. Mamba yule ni mwenye nguvu anayejiona hawezi kufikiwa na mauti. Tangu zama za Muyaka wasomaji wamezoea kuvua ngozi ya mnyama ili kuuona uso wa mtu, na ustadi huo ni sehemu ya utamu wa ushairi wa Kiswahili.

Kwa Szymborska ustadi huo hauna budi kusubiri. Paka wake ni paka kwanza. Ana makucha, ana njaa, ana kiburi cha jamii ya paka, na anayoyafanya ni yale ambayo kila aliyewahi kukaa na paka ameyaona. Msomaji atakayekimbilia kusema kwamba paka ni mshairi mwenyewe, au ni mjane, au ni roho ya mwanadamu, atakuwa amelipoteza shairi, kwa sababu nguvu yake inatokana na jambo moja ambalo binadamu hawezi kuwa nalo: mfiwa huyu hajui kwamba amefiwa. Mjane huambiwa, mtoto huambiwa hata kama ni kwa maneno ya kumzungusha. Paka haambiwi. Maarifa yote ya msiba yako upande wa msomaji, na msomaji hana njia ya kumfikishia. Fumbo lipo, na makaratasi yale yaliyotawanywa yanadokeza kwamba aliyekufa alikuwa mtu wa kalamu, lakini fumbo hilo huja nyuma ya paka, halimtangulii.

Hapa ndipo lugha ya Kiswahili inapolifanyia shairi hili jambo ambalo huenda lugha nyingi haziwezi. Lawama ya ufunguzi, kwamba kifo ni kitu anachotendewa yule anayebaki, imo tayari ndani ya kitenzi cha Kiswahili. Kufa ni la marehemu, lakini kufiwa ni la anayebaki. Kauli ya kutendea ikikutana na kauli ya kutendwa, huzaliwa neno ambalo ndani yake kifo kimemfikia mtu aliye hai na kumgeuza mtendwa. "Amefiwa" haihitaji maelezo. Szymborska amelazimika kutumia mshangao na dhihaka ili kufikisha kwa Kipolandi kile ambacho mzee yeyote wa Pate au wa Wete hukisema kwa neno moja anapokwenda kuhani. Na neno hilo halikuwekewa mipaka ya ukoo wala ya umbo. Hakuna kanuni ya sarufi inayozuia kusema: paka amefiwa.

Ngeli nazo zinashuhudia vivyo hivyo. Katika Kiswahili mnyama hupatanishwa kama mtu: paka amelala, punda wamechoka. Kiti kimelala hakiwezi kuwa paka. Hata pale umiliki unapoingia, sarufi haimshushi mnyama hadi daraja ya vyombo peke yake. Mtu husema "mbuzi zangu" na "paka zangu", na upatanisho huo ndio ule ule wa "ndugu zangu" na "rafiki zangu". Wasomi wa sarufi wataeleza jambo hili kwa historia ya ngeli, nao watakuwa na haki. Mhakiki wa ushairi anatosheka kuona kwamba lugha imemweka mnyama mahali pale pale penye utata ambapo shairi la Szymborska linamweka: baina ya kilicho changu na aliye wangu.

Utata huo huonekana zaidi shairi likitiwa katika Kiswahili. Katika Kipolandi vitenzi vingi vya shairi hili havina nafsi. Haielezwi nani aliyechungulia kabati. Kuchungulia kumefanyika tu. Kwa hiyo sauti inayosema huelea baina ya paka na binadamu anayemtazama. Kitenzi cha Kiswahili hudai kiambishi. Mfasiri akitumia "a-", paka atakuwa mbali, anatazamwa kama kiumbe wa kuonewa huruma. Akitumia "ni-", paka atageuka msemaji wa ngano, jamaa ya Sungura na Fisi, na ukimya wake wa kiungwana utavunjika. Ipo njia ya tatu, nayo ni kuitegemea "ku-": kupanda kuta, kujisugua vitini, na kwa mambo yaliyokwisha pita, kumechunguliwa kabatini, kumeingiwa chini ya zulia. Njia hiyo huipa nyumba yenyewe kuwa mtendaji wa sarufi. Anayetafuta haonekani, mahali ndipo panaposema. Mfasiri atakayeishika atakuwa amelitendea haki shairi bila ya kuivunja lugha.

Lawama ya paka si jambo geni kwa msomaji wa tenzi. Katika Utenzi wa Ngamia na Paa wanyama wawili wanafika mbele ya Mtume (S.A.W.) na mashitaka yao. Ngamia humlalamikia bwana wake. Paa aliyenaswa huomba aachiliwe kwa muda akawanyonyeshe wanawe, na Mtume humdhamini. Utenzi huo umejengwa juu ya itikadi moja: mnyama ana haki, na haki hiyo inaweza kusikilizwa. Yupo anayelalamikiwa, yupo hakimu, na upo ulimi. Kisa hufikia mwisho wake kwa sababu pande zote zimehudhuria.

Paka wa Szymborska naye ana mashitaka. Ameshaipanga kesi yake: bwana akirudi atafundishwa kwamba paka hatendewi hivyo. Lakini mshitakiwa hatahudhuria kamwe, na hakimu hajulikani. Tofauti hii ndiyo inayozitenga tungo hizi mbili, na ndiyo inayoyaweka wazi maudhui ya makala haya. Haki ya mnyama dhidi ya bwana aliye hai ina mahali pa kupelekwa. Hata jirani anaweza kumkemea mwenye kumpiga punda wake. Haki ya mnyama dhidi ya bwana aliyekufa haina mlango. Marehemu hakukosa, wala hakukusudia kuondoka. Na wale waliobaki wanaweza kusema, kila mmoja kwa zamu yake, kwamba paka hakuwa wao. Kufa kufaana, wasema wahenga, na warithi wengi hujua kufaana kwa nyumba na kwa shamba. Kufaana kwa paka mzee mwenye kuchagua chakula ni mtihani mwingine.

Hapana utungo wa mwambao ulioitazama nyumba ya marehemu kwa jicho kali kuliko Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Msomaji anakumbuka majumba ya matajiri wa Pate, yalivyokuwa yakiangazwa kwa taa za kioo na za shaba hata usiku ukafanana na mchana, na yalivyo baada ya wenyewe kuondoka. Popo wananing'inia juu. Buibui wametanda. Madaka yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri yamekuwa viota vya ndege. Makinda ya kipungu na ya njiwa yamo ndani, na bundi analia katikati. Ni ajabu kwamba mshairi wa Pate na mshairi wa Kraków, waliotenganishwa na takriban karne mbili na bahari kadhaa, wote wameanzia kwenye taa isiyowashwa.

Lakini wanyama wao hawafanani. Wanyama wa Al-Inkishafi ni wageni. Wameingia baada ya watu kutoka, na kuingia kwao ndiko kunakoshuhudia kwamba nyumba imekufa. Hawakumjua mwenyewe, hawamngojei, na hawana haja naye. Paka wa nyumba hatajwi, wala mbuzi aliyekuwa akifungwa uani, wala punda aliyebeba mawe yaliyojengea majumba hayo. Sayyid Abdalla hakuwahitaji. Alikuwa akisema na moyo wake, akiuonya usidanganyike na dunia, na kwa waadhi wa namna hiyo popo ni hoja kubwa kuliko paka. Popo husema: yamekwisha. Paka angesema: bado. Na moyo unaosikia "bado" hautaacha kuipenda dunia.

Hivyo si kasoro ya Al-Inkishafi kwamba paka hayumo; ni sharti la ukamilifu wake. Hata hivyo, mhakiki ana haki ya kusema kwamba baina ya taa kuzimika na popo kuingia upo muda ambao utungo ule umeuruka. Ni muda wa siku, labda wa miezi. Waombolezaji wamekwisha tawanyika, khitma imesomwa, ufunguo uko kwa mmoja wa warithi, na ndani au barazani yupo kiumbe ambaye bado anaamini kwamba mlango utafunguliwa na yule yule. Szymborska amekaa katika muda huo. Hakuna waadhi humo, kwa kuwa mauti bado hayajageuka somo.

Ndani ya muda huo ndimo maamuzi yanamofanyika, na sheria nayo humo inalo la kusema. Kwa sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo inayogawa mirathi ya Waislamu katika visiwa na mwambao, mnyama aliyemilikiwa ni mali, naye huhamia kwa warithi pamoja na mali nyingine. Mwenye kutaka kuacha wosia ana mpaka wa theluthi. Lakini pamoja na umiliki huhama pia wajibu: anayemmiliki mnyama anadaiwa masurufu yake. Hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka inajulikana na kila aliyepita chuoni. Kosa la mwanamke yule lilikuwa na sehemu mbili zilizokutana: alimfungia, kisha hakumlisha. Hakumpa chakula wala hakumwachia akajitafutie katika wadudu wa ardhini. Kutokana na hadithi hiyo hupatikana kanuni nyepesi kukariri na nzito kutekeleza, kwamba aliyeshika ufunguo hana njia ya tatu: ama amlishe, ama amwachie. Mrithi anayefunga nyumba na kusafiri bila ya kuuliza kilichomo ndani amekwisha amua, hata kama hajui kwamba ameamua.

Waarabu wa zama za Jahiliya walikuwa na jibu lao, nalo limehifadhiwa na ushairi. Mtu mwenye ngamia alipokufa, ngamia wake wa kike alifungwa kwenye kaburi, bila ya chakula wala maji, hadi naye akafa. Ngamia huyo aliitwa baliyya. Iliaminika kwamba marehemu angempanda siku ya kufufuliwa asije akaenda kwa miguu. Huko Mleiha, katika Sharjah, wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua makaburi ya ngamia na farasi katika eneo la maziko la kale. Labid bin Rabia, mmoja wa washairi wa Muallaqat, aliyewahi kuuona Uislamu na kusilimu, amemtaja baliyya katika kasida yake, na mahali alipomtaja panatia funzo. Anasifu ukarimu wa watu wake, na anawaonyesha wanawake mafukara, wenye nguo zilizochakaa, wanaokimbilia kamba za mahema yao. Hao ndio anaowafananisha na baliyya.

Tashbihi hiyo inasema mengi kuliko sifa za kabila. Labid ameona kwamba ngamia aliyefungwa kaburini na mwanamke asiye na wa kumtazama wako katika hali moja: wamebaki nyuma ya mtu aliyekuwa ndiye riziki yao. Na ameona pia kwamba hatima zao zinaweza kutofautiana, kwa kuwa mwanamke ameifikia kamba ya hema na ngamia amefungwa kwa kamba ya kaburi. Kamba moja ni ya kuokoa, nyingine ni ya kuua. Anayeamua ni ipi ni aliye hai. Desturi ya baliyya ilijifanya kuwa ni mapenzi ya mnyama kwa bwana wake, kumbe ilikuwa ni wazo la watu kuhusu heshima ya marehemu, na gharama yake alilipa mnyama.

Jibu la kinyume chake lilitolewa Misri. Sultani Baybars, aliyetawala kuanzia mwaka 1260 hadi 1277, aliacha bustani karibu na msikiti wake kaskazini ya Cairo iwe wakfu kwa ajili ya paka. Edward William Lane, katika kitabu chake cha mwaka 1836 juu ya mila za Wamisri, anaeleza kilichobaki cha wakfu huo baada ya zaidi ya karne tano. Bustani ilikuwa imeuzwa mara nyingi na pato lake lilikuwa dogo. Lakini Kadhi, kwa kuwa ndiye msimamizi wa wakfu zote za sadaka, alikuwa bado anadaiwa kuwalisha paka, na kila alasiri mabaki ya nyama yaliletwa katika ua mkuu wa mahakama, paka wakaitwa wakaja kula. Msomaji wa Unguja, anayejua jinsi nyumba na mashamba ya minazi yalivyowekwa wakfu kwa misikiti na kwa mayatima, hatashangazwa na sheria yenyewe. Kinachofaa kumshangaza ni kwamba mali ilikwisha na kulisha hakukukoma. Wosia wa Sultani ulifanya kazi kwa sababu kila alasiri palikuwa na mtu aliyebeba chano.

Kwa njia hii tunda la shairi la Szymborska linafikiwa, nalo halimo katika uaminifu wa paka. Wasomaji wengi wamelichukua shairi kuwa ni sifa ya uaminifu, kama ile sifa aliyopewa mbwa Hachikō wa Tokyo. Bwana wake, Profesa Ueno, alifariki mwaka 1925, na mbwa aliendelea kwenda kwenye stesheni ya Shibuya hadi alipokufa mwaka 1935, mwaka mmoja baada ya kuwekewa sanamu ya shaba. Uaminifu wa namna hiyo hupendwa kwa kuwa humpendeza binadamu. Humthibitishia kwamba atangojewa. Kisichokumbukwa sana ni kwamba Hachikō alitunzwa katika miaka hiyo na aliyekuwa mtunza bustani wa profesa. Mbwa asiyelishwa hawezi kungoja miaka 9. Sanamu imemchukua mbwa na imemwacha mtunza bustani.

Szymborska hakumwacha. Amempa mistari michache tu, lakini amempa. Nyayo kwenye ngazi na samaki kwenye kisahani ni za mtu fulani mwenye ufunguo, anayekuja kila siku katika nyumba ya marehemu, anayepanda ngazi akijua kwamba atakayempokea hamtaki. Si lazima mtu huyo awe mshairi, ingawa msomaji atahisi hivyo. Uamuzi juu ya paka umekwisha fanyika kabla ya shairi kuanza, na umefanywa na mkono huo. Macho ya paka yanauona kuwa ni mkono usio sahihi tu, na mshairi hautetei. Kwa maana hiyo shairi limeandikwa na mfiwa aliyekubali kuonekana, ndani ya shairi lake mwenyewe, kama kosa.

Hapo pana unyenyekevu ambao maombolezo yenye sauti kubwa hayaufikii, na hapo pia pana upungufu ambao haki inataka utajwe. Kwa kuuficha mkono nyuma ya kisahani, shairi linamruhusu msomaji mvivu auruke. Wapo watakaofunga kitabu wakiwa wamemhurumia paka kwa machozi ya kweli, bila ya kujiuliza hata mara moja ni nani aliyenunua samaki. Huruma kwa anayengoja ni rahisi, na haimgharimu msomaji kitu. Paka hahitaji kuhurumiwa. Anahitaji chakula cha saa ile ile, na mtu atakayevumilia kutopendwa kwa muda usiojulikana. Kama Szymborska angeongeza mstari mmoja juu ya mtu huyo, shairi lingepoteza mizani yake; kwa kuwa hakuongeza, mzigo umehamia kwa msomaji, na si kila msomaji ataupokea.

Washairi wa mwambao wana kila zana ya kuupokea. Wana kitenzi cha kufiwa. Wana utenzi ambamo mnyama anasikilizwa mbele ya mwadilifu. Wana utungo mkuu uliowafundisha kuitazama nyumba iliyozimika taa. Wanaishi katika miji ambayo paka wake ni nusu wa nyumba na nusu wa kichochoro, na ambayo punda wake, kule Lamu, wamekuwa na zahanati yao tangu mwaka 1987 ingawa methali bado inasema punda afe mzigo ufike. Kilichokosekana katika ushairi wa maombolezo ni ule muda wa katikati, pamoja na yule jamaa au jirani ambaye, baada ya watu kutawanyika, hurudi peke yake na kisahani.

Neno la mwisho la shairi linamhusu yeye pia. Paka anapanga namna atakavyompokea bwana wake akirudi: atamwendea polepole, kama asiyetaka, akionyesha kwa kila hatua kwamba amekosewa, bila ya kuruka wala kulia kwa furaha. Kisha shairi linafungwa kwa kibainishi kidogo cha wakati, chenye maana ya kwamba hayo ni ya mwanzoni tu. Neno hilo ndilo lile lile la "mwanzo" lililomo katika jina la diwani. Ndani yake mna habari kwamba hasira itakwisha na kwamba msamaha umekwisha andaliwa. Bwana aliyekusudiwa msamaha huo hatakuja kuupokea. Lakini nyayo nyingine zitasikika kesho kwenye ngazi, na paka atainua kichwa, na mkono utaweka samaki pale pale alipozoea kumkuta.